Word ya halali kwa mwanafunzi wa Lubumbashi: mwongozo kamili wa leseni, punguzo na programu huru

"Yaya, niwekee Word." Ombi hilo nalisikia kuliko lingine lolote kwenye meza yangu ya birotiki, yaani ya kupiga chapa na kuchapisha, karibu na njia ya Kasapa, hasa miezi ile wanafunzi wanapokimbizana na TFC na memwari, zile kazi za mwisho wa masomo. Kwa miaka kadhaa jibu langu lilikuwa moja: nachukua flashi, nazima antivirusi ya mashini ya mteja, naweka Office pamoja na kraki yake, yaani kiprogramu cha kuidanganya leseni, napokea franga zangu. Niliacha siku dada mmoja wa mwaka wa mwisho aliporudi akilia. Faili zake zote zilikuwa zimefungwa, kila jina limeongezewa herufi asizozijua, na kwenye skrini kuna barua ya kumdai dola. Sura tatu za memwari zilikuwa humo na nakala nyingine hakuwa nayo. Mashini ile niliigusa mimi, kwa mikono yangu.

Yaliyo hapa chini ndiyo ninayomweleza sasa kila anayekaa mbele ya meza hiyo. Nazungumzia kompyuta za Windows kwa sababu ndizo wengi tunazo, na majina ya menyu nayaandika kwa Kifaransa jinsi yanavyosomeka kwenye skrini zetu.

Kwanza jua una nini

Wanafunzi wengi hawajui kama Word yao ni ya kraki. Walinunua mashini ya okasion, iliyokwisha kutumika, wakaikuta imo, inafunguka, basi. Fungua Word, bonyeza «Fichier», kisha «Compte». Upande wa kulia utaona jina la toleo. Ukikuta «Professional Plus 2016», 2019 au 2021 kwenye mashini yako binafsi, uwe na shaka. Toleo hilo Microsoft huliuza kwa mashirika, kwa leseni za jumla. Mtu mmoja mmoja wa miaka hiyo alinunua «Famille et Étudiant» au Microsoft 365. Maneno «Produit activé» yasikutulize, maana kraki yenyewe ndiyo kazi yake kuyaandika.

Kwa upande wa Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika slmgr /dlv, halafu Entrée. Dirisha litachelewa kidogo kufunguka. Ukiona humo VOLUME_KMSCLIENT, maana yake mashini inaamini kwamba ni mali ya shirika lenye seva yake ya kuwasha leseni. Mashirika makubwa hufanya hivyo kweli: kompyuta zao huiuliza seva ya ndani, na ruhusa inayotolewa hudumu siku 180 isipoombwa upya. Kraki nyingi hutengeneza seva ya uongo ndani ya mashini yako na kuifanya ijibu "ndiyo" kila inapoulizwa. Kwa hiyo hukai tu na Word isiyolipiwa. Unakaa na programu ya mtu usiyemjua, yenye mamlaka yote, inayoamka kila unapowasha kompyuta, nayo iliingia baada ya kukuomba uzime ulinzi. Mashini ya dada yule iliingiliwa kwa mlango huo.

Kabla ya kukata tamaa kuhusu Windows, kuna habari njema ambayo watengenezaji wa mitaani hawaisemi. Mashini nyingi za kampuni kubwa zilizouzwa na Windows 8 au zaidi zina ufunguo wa Windows ndani ya ubao wake mkuu, umewekwa tangu kiwandani. Aliyekuuzia huenda aliweka Windows ya kraki juu ya mashini yenye haki yake mwenyewe. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri, uandike (Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey. Ukirudishiwa herufi na tarakimu 25, ufunguo upo. Ukiiweka Windows upya kwa toleo lile lile iliyozaliwa nalo, mara nyingi «Famille», itajiwasha yenyewe ikipata intaneti. Nimewarudishia watu wengi Windows ya halali kwa njia hiyo, bila wao kulipa chochote kwa leseni.

Leseni ni nini hasa

Unapolipia Word hununui Word. Unanunua ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina mipaka: ni nani, kwenye mashini ngapi, kwa kazi gani, mpaka lini.

Wanafunzi hulielewa jambo hili upesi nikiwakumbusha silabusi. Profesa ameandika kozi yake miaka mingi, ameichapisha, anaiuza kwa promosheni, yaani darasa zima la mwaka. CP, kiongozi wa promosheni, ananunua moja, anaipeleka fotokopi, wenzake arobaini wanapata nakala kwa bei ya karatasi. Profesa akijua anakasirika, nao wanafunzi wanamjibu, pengine kwa haki, kwamba bei yake imepita mifuko yao. Pande zote mbili zina la kusema, na ugomvi wa programu hauna tofauti. Mnamo Februari 1976 Bill Gates, akiwa kijana wa miaka 20, aliwaandikia wapenzi wa kompyuta wa Marekani barua ya hadharani akilalamika kwamba chini ya asilimia 10 ya wenye mashini ya Altair ndio walionunua programu yake ya BASIC. Wengine waliinakili tu. Kwa hiyo yeyote anayekuambia kwamba kunakili programu ni tabia ya Waafrika hajui historia.

Sheria ya nchi yetu nayo ipo. Haki za mwandishi zinalindwa na sheria-amri nambari 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na tangu tarehe 13 Machi 2023 tunayo pia Code du numérique, yaani mkusanyo wa sheria za mambo ya kidijitali. Sijaona mwanafunzi akikamatwa kwa ajili ya Word, wala sitamtisha mtu kwa polisi. Hoja yangu ni nyingine. Bei ya Office ilipangwa kwa mishahara ya huko ng'ambo. Nchini Marekani, Microsoft 365 ya mtu mmoja ilipanda Januari 2025 kutoka dola 69.99 hadi 99.99 kwa mwaka. Kwa mzazi wa Katuba au Ruashi ambaye bado anatafuta frais académiques, ada ya chuo, pesa hiyo ni mlima, na hasira ya mwanafunzi naielewa kabisa. Lakini kraki haimpunguzii Microsoft hata senti, wala haishushi bei. Inakufunga tu kwenye programu usiyoweza kuilipia, na kesho ukifungua ofisi yako utabaki mle mle. Njia za kutoka zipo, na karibu zote ni za bure.

Njia ya barua pepe ya chuo

Anza hapa, kwa kuwa ukifanikiwa umemaliza. Microsoft hutoa Office 365 ya elimu, ngazi inayoitwa A1, bure kabisa kwa shule na vyuo vilivyosajiliwa kwake. Mwanafunzi anapata Word, Excel, PowerPoint na OneNote za kwenye kivinjari, Teams, na nafasi ya kuhifadhi faili. Usitegemee kupakua Word ya kusimika kwenye mashini: hiyo imo katika ngazi za A3 na A5, ambazo chuo hulipia.

Unachohitaji ni barua pepe uliyopewa na chuo, ambayo kwetu mara nyingi huishia na .ac.cd. Nenda kwenye ukurasa wa elimu wa microsoft.com, andika anwani hiyo, subiri namba ya uthibitisho ije kwenye sanduku lako, iandike, chagua kwamba wewe ni mwanafunzi. Mfumo ukisema hauitambui shule yako, usirudie mara kumi. Maana yake chuo hakijajisajili, au kimejisajili kwa anwani nyingine.

Kama chuo kinakupa barua pepe lakini hujawahi kuipokea, nenda kwenye huduma ya kompyuta ya chuo ukiwa na kadi ya mwanafunzi na risiti ya malipo ya mwaka huu. Usiende peke yako. CP aende na orodha ya promosheni nzima, majina kamili na namba za usajili, iliyopigwa vizuri. Mtu anayeshughulikia anwani hizo ana kazi nyingi, na orodha safi humwokoa siku mbili.

Na kama chuo hakina chochote, hapo wanafunzi wana nguvu kuliko wanavyodhani. Andikeni barua kwa katibu mkuu wa taaluma. Mwelezeni kwamba chuo kinachotambuliwa na serikali kinaweza kuomba A1 ya Microsoft, au Google Workspace for Education katika ngazi yake ya Fundamentals, bila kulipia leseni. Kinachotakiwa ni jina la chuo la intaneti, mtu mwenye mamlaka ya kuliwekea rekodi ndogo ya uthibitisho, na hati za kuonyesha kwamba chuo ni chuo. Google hutoa kwa chuo kizima nafasi ya terabaiti 100 ya kugawana. Barua iwe na ukurasa mmoja, na CP wa promosheni zote watie sahihi.

Punguzo kwa asiye na barua pepe ya chuo

Zipo kampuni zinazokubali hati badala ya anwani. JetBrains, kwa wanaosoma informatiki, na GitHub kwa kifurushi chake cha wanafunzi, hupokea picha ya kadi ya mwanafunzi au attestation de fréquentation, hati ya kuthibitisha kwamba unasoma. Iombe mapema aparitora, ofisi ya usajili ya chuo, maana wiki za mitihani foleni ni ndefu. Hakikisha ina jina lako kama lilivyo kwenye akaunti, jina la chuo, na mwaka wa masomo unaoendelea. Waliokataliwa mbele yangu, wengi wao tarehe ilikuwa imepita au picha haikusomeka. Piga picha mchana, karibu na dirisha, karatasi ikiwa imenyooka, pembe zote nne zionekane.

Wa politekniki nao wajue kwamba Autodesk huwapa wanafunzi AutoCAD na nyingine bure kwa mwaka mmoja, na mwaka huo unaongezwa maadamu bado unasoma. Hapa Lubumbashi, ambapo kila mtu ana mjomba kwenye mgodi au kwenye kampuni ya ujenzi, lazima niseme wazi: leseni hiyo ni ya kujifunzia. Mjomba akikuomba umchoree plani ya ghala ambayo atalipwa kwayo, umetoka nje ya ruhusa. Word yenye punguzo la mwanafunzi ni vile vile. Microsoft 365 ya mtu binafsi imetolewa kwa matumizi yasiyo ya biashara, na mwanafunzi anayewapigia wenzake TFC kwa malipo kila jioni anafanya biashara, hata kama ni ndogo. Simlaumu kwa kutafuta maisha. Namwonyesha tu programu ambayo kwa kazi hiyo haina kizuizi, nami nitaifikia muda si mrefu.

Kulipia punguzo kunahitaji kadi ya Visa au Mastercard. Kadi ya prepaid ya benki inatosha. Usimpe mtu wa cyber kadi yako akulipie, na zima ule usajili wa kujirudia siku ile ile unapolipa, la sivyo mwaka wa pili utakatwa bei kamili bila kuulizwa.

Ile akaunti "ya maisha" ya WhatsApp

Hii inawaumiza watu waaminifu, na ndiyo inayoniudhi zaidi. Kijana hataki kraki, anataka kulipa, anaona kwenye status tangazo la Office 365 ya maisha yote, vifaa 5, dola chache tu. Analipa kwa M-Pesa, anapewa anwani na neno la siri, Word inajiwasha kweli.

Alichouziwa ni jina moja ndani ya mfumo wa chuo au shirika fulani la mbali, lililotengenezwa na mtu aliyepata funguo za huko. Leseni si yake wala si ya muuzaji. Msimamizi wa mfumo huo anaweza kuingia kwenye OneDrive yake, kubadilisha neno lake la siri, kumfuta. Siku wenye chuo wakigundua, akaunti zote huzimwa kwa usiku mmoja, na memwari iliyohifadhiwa humo inakwenda nazo. Ukiwa tayari umenunua, fungua «Compte» usome anwani iliyo chini ya jina lako. Kama inaishia na jina la shule usiyowahi kuisoma, nakili faili zako leo kwenye flashi, kisha uondoke. Funguo za tarakimu 25 zinazouzwa kwa bei ya sahani ya bukari nazo mara nyingi zimechomolewa kwenye leseni za jumla za mashirika.

Bure, na huru

Lugha yetu ina maneno mawili hapa, tuyatumie. Kitu cha bure hakilipiwi. Kitu huru hakina bwana wa kukuzuia.

Word ya kwenye kivinjari ni ya bure: mtu yeyote hufungua akaunti ya Microsoft kwa barua pepe ya kawaida na kupata gigabaiti 5 za kuhifadhi. Google Docs ni ya bure, na gigabaiti 15. Zote mbili ni za halali na nzuri kwa barua au kazi ya kikundi. Ila zinakula mega, na courant ya SNEL, yaani umeme, ikikatika huku Wi-Fi ya nyumba ikizimika nayo, unabaki unaitazama skrini. Kwa memwari ya kurasa 80 nashauri kitu kinachokaa ndani ya mashini.

Kitu hicho ni LibreOffice, kifurushi kinachofanya kazi za Word na wenzake. Kizazi chake kilianzia Ujerumani kwa jina la StarOffice, Sun wakakinunua mwaka 1999 na mwaka uliofuata wakaufungua msimbo wake kwa watu wote. Tangu Septemba 2010 kinaangaliwa na taasisi isiyo ya faida, The Document Foundation ya Berlin. Ni bure na ni huru pamoja. Unaruhusiwa kukitumia kazini, kwenye birotiki, kwenye mgodi, bila kuomba. Unaruhusiwa kukinakili kwenye flashi na kumpa jirani, naye ampe wa kwake. Jambo lile lile tulilozoea kulifanya kwa kujificha, flashi kutoka mkono hadi mkono kwenye homu (mabweni) za kampasi, hapa ni haki iliyoandikwa ndani ya leseni. Sisi ni watu wa kugawana, na sioni kwa nini tuone aibu kwa hilo wakati zipo programu zilizotengenezwa zigawanwe.

Pakua kutoka libreoffice.org tu, kati ya mega 300 na 400, kwa Wi-Fi ya kampasi au kwa mmoja wenu kwa niaba ya wote. Wakati wa kusimika chagua kusimika kwa kuchagua mwenyewe, uhakikishe Kifaransa na kamusi yake vimo, maana jury haisamehi makosa ya tahajia. Kisha fanya marekebisho haya kabla ya kuandika hata mstari mmoja.

Nenda «Outils», «Options», «Chargement/enregistrement», «Général». Weka urejeshaji wa kiotomatiki uwe kila dakika 5. Mwenye betri iliyochoka aweke 2. Papo hapo, chini, agiza hati zihifadhiwe kwa muundo wa Word, yaani docx, kwa kuwa direkta wako, profesa anayekuongoza, karibu hakika anatumia Word. Kama umezoea vichupo vya Word, nenda «Affichage», «Interface utilisateur», uchague «Onglets». Ugeni unaisha siku mbili.

Sasa maandishi, maana hapa ndipo watu hukwama na kusema programu ni mbaya. Windows ikiwemo, Times New Roman imo, itumie. Kwenye Linux, mfumo mwingine badala ya Windows, utapewa Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na Times, kwa hiyo kurasa hazisogei. Carlito inafanya hivyo hivyo kwa Calibri. Usiandike memwari kwa Aptos, ile herufi mpya ya Word: kwenye mashini ya zamani ya direkta haitakuwepo na kila kitu kitaruka.

Vichwa vya sura usivifanye kwa kukoleza herufi na kuongeza ukubwa. Tumia mitindo ya «Titre 1», «Titre 2», «Titre 3». Hapo jedwali la yaliyomo linajitengeneza kupitia «Insertion», «Table des matières et index», na ukiongeza kurasa unalibofya kulia na kulisasisha. Nimeona mtu akiandika namba za kurasa kwa mkono hadi saa tisa za usiku, halafu direkta akamwongezea aya tatu kwenye sura ya kwanza. Kwa bibliografia simika Zotero, nayo ni huru, inafanya kazi na LibreOffice na Word pia.

Maoni na masahihisho ya direkta yatapita salama kati ya Word na LibreOffice. Visivyopita vizuri ni makro za Excel na michoro ya SmartArt. Mchoro uufanye picha kabla. Ukienda kuchapa, usilete docx. Tumia «Fichier», «Exporter vers», «Exporter au format PDF», ulete PDF. Kurasa zitatoka kwenye printa yangu kama ulivyoziona kwako.

Kusafisha mashini iliyokwisha kuingiliwa

Nakili hati zako kwanza, hati tu: docx, pdf, picha. Usinakili faili za kusimika wala kitu chochote kinachoishia na .exe. Fungua «Sécurité Windows», «Protection contre les virus et menaces», «Gérer les paramètres», ushuke hadi «Exclusions». Kraki huacha humo folda zake ili zisikaguliwe. Ziandike pembeni, uzifute kwenye orodha. Ondoa Office ya kraki kwenye orodha ya programu, kisha chagua ukaguzi wa «hors ligne». Mashini itajizima na kuwaka upya, kazi ya kama robo saa, kwa hiyo betri iwe imejaa kabla hujaanza.

Ukipata nafasi, futa yote na uweke Windows upya. Baada ya kraki mimi siamini tena ukaguzi peke yake. Badilisha maneno ya siri ya barua pepe na ya benki, lakini kutoka kwenye simu, si kwenye mashini hiyo kabla haijawa safi.

Na kama bado unatumia Office 2016 au 2019, hata iliyolipiwa, masahihisho yake ya usalama yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025, siku moja na Windows 10.

Ukimaliza masomo

Akaunti ya chuo huisha. Vyuo vingine huifunga wiki chache baada ya kupewa shahada, vingine huchelewa, na tarehe hawaitangazi. Mwezi mmoja kabla ya kutetea kazi yako, pakua kila kilichomo OneDrive au Drive, weka nakala kwenye flashi mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti, na hamishia akaunti ya Zotero kwenye barua pepe yako binafsi. Leseni za wanafunzi uziondoe kwenye mashini kabla ya siku ya kwanza ya kazi. Mwajiri akikuuliza unatumia nini, mwonyeshe LibreOffice au mwambie akununulie anachotaka utumie: gharama hiyo ni yake.

Flashi yenye LibreOffice ipo mezani pangu, imefungwa kamba nyekundu. Atakayepita njia ya Kasapa aje anakili, hailipiwi.